Je, Kung'oa Majani ya Njano Huuponya Mmea Wenye Njaa?

Katika mashamba ya Bonga, kusini ya mji wa Babati kando ya barabara kuu iendayo Kondoa, jambo moja huonekana mara nyingi mahindi yafikapo usawa wa kiuno: majani ya chini huanza kugeuka njano ilhali ya juu yangali mabichi. Wako wakulima wayang'oao papo hapo. Husema kwamba jani gonjwa hula chakula bure, na likiondolewa chakula hicho kitayaendea majani mazima. Hoja hiyo husikika pia kwa wapandao nyanya bustanini, na hata kwa wakuzao bangi katika nchi ambazo sheria zake huruhusu zao hilo, ambalo hapa Tanzania limekatazwa. Sisi tutaitazama kwa mahindi, kwa kuwa ndiyo yanayojaza ghala la nyumba.

Kwanza tuulize jani limegeukaje njano. Rangi ya kijani hutokana na klorofili, ambayo haiwezi kutengenezwa bila naitrojeni. Naitrojeni nyingi zaidi imo katika protini zinazofanya kazi ya kugeuza hewa ya kaboni kuwa sukari kwa nguvu ya jua. Mizizi ikishindwa kuleta naitrojeni ya kutosha, mmea hauketi kungoja. Huzivunja protini za majani yake makuukuu, na naitrojeni iliyomo husafirishwa hadi katika majani machanga na, baadaye, katika punje. Ndiyo sababu njano huanzia chini. Fosforasi, potasiamu na magnesiamu nazo huhamishwa kwa njia hiyohiyo.

Kwa hiyo jani la njano halili chakula cha wenzake, linawagawia chake. Jani bichi lenye afya, likikaushwa, huwa na naitrojeni takriban sehemu 3 katika kila 100 za uzito wake. Lililokufa lenyewe shinani hubaki na sehemu 1 hivi, au pungufu. Tofauti hiyo ndiyo mali iliyokuwa ikihamishwa. Mkulima aling'oapo jani likiwa njano nusu, hukata safari hiyo katikati, na mmea uliokuwa na njaa huzidi kuwa na njaa.

Iko hasara nyingine isiyoonekana, nayo imo ardhini. Sukari inayotengenezwa na majani haigawanywi ovyo: ya majani ya juu huelekea zaidi kwenye ncha na punje, na ya majani ya chini huelekea zaidi kwenye mizizi. Mmea usio na naitrojeni huhitaji mizizi mirefu ili uitafute mbali. Ukiyanyang'anya majani ya chini mapema, umemnyima posho mtu yuleyule uliyemtuma kutafuta chakula.

Majani hayo yana kazi nyingine pia, ambayo ni kutoa habari. Njano inayoanzia nchani na kuingia katikati ya jani kwa umbo la herufi V huashiria upungufu wa naitrojeni. Kingo zikikauka kama zilizoungua huku katikati pakiwa kijani, fikiria potasiamu. Michirizi ya njano kati ya mishipa ya majani makuukuu huelekea kwenye magnesiamu. Rangi ya zambarau katika miche michanga, kwenye fosforasi. Lakini njano ikianza katika majani machanga ya juu, habari ni nyingine kabisa. Huenda ni salfa, zinki au chuma, ambavyo mmea hauvihamishi kwa urahisi. Aliyekwisha kung'oa majani amefuta maandishi kabla ya kuyasoma. Hata hivyo macho hudanganya: maji yakituama shambani, mizizi hukosa hewa na mahindi hugeuka njano hata penye mbolea. Palipo na shaka, udongo upimwe. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, ina vituo vya Selian huko Arusha na Mlingano huko Tanga.

Dawa ya njaa ni chakula. Gunia la mahindi la kilo 100 huondoka shambani na naitrojeni ipatayo kilo moja na nusu, na lazima irudishwe. Mfuko wa kilo 50 wa yurea una kilo 23 za naitrojeni. Itiwe udongo ukiwa na unyevu, kando ya shina bila kuligusa, kisha ifukiwe, kwani ikiachwa juu sehemu yake hupotea hewani. Samadi hutenda polepole lakini hukaa. Tena Babati ni nchi ya mbaazi, na mbaazi hudondosha majani yake zenyewe na kuurutubisha udongo. Africa RISING, mradi ulioanza kazi wilayani Babati katika muongo wa 2010, ulishughulika sana na kilimo hiki cha mahindi na mbaazi pamoja.

Sasa tuje kwa ng'ombe, maana hapa ndipo penye ugumu wa kweli. Wengi hawang'oi majani kwa ajili ya kuuponya mmea. Wanataka malisho, na ng'ombe wa maziwa hangoji mavuno. Jani linaloshika hindi pamoja na yaliyo juu yake ndiyo yanayojaza punje kwa sehemu kubwa. Hayo yasiguswe mpaka lionekane doa jeusi kwenye kitako cha punje, dalili kwamba haiongezeki uzito tena. Yaliyo chini ya hindi yaweza kukatwa kabla ya hapo, punje zikianza kuwa ngumu, kuanzia ya chini kabisa. Ng'ombe atapata jani lenye protini pungufu kuliko lile la mwezi uliopita, nasi tuseme wazi kwamba hilo ni gharama. Faida ni kwamba mbaazi zilizo katikati ya mistari hupata jua.

Jani lenye ugonjwa wa kuambukiza ni shauri jingine. Katika migomba, kukata majani yenye madoa ya sigatoka hupunguza mbegu za kuvu, na ni kazi njema. Jani lililokauka kabisa halina la kutoa. Liachwe liufunike udongo.

Msomaji asiyeridhika ajaribu mwenyewe. Achague mistari 10 ya mahindi yenye njano, yenye mashina sawasawa. Airushe sarafu kwa kila jozi ya mistari, ili bahati na siyo jicho lake ichague upi ung'olewe majani na upi uachwe. Yote itiwe mbolea sawa. Wakati wa kuvuna, apukuchue kila mstari peke yake, akaushe, apime kwa mizani na kuandika. Mstari wa pembeni kabisa asiuhesabu, kwa sababu hupata jua kuliko mingine.