Umetapeliwa kwa simu: unadaije haki yako kisheria?

Tangu 2015 Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao. Kutapeli kwa simu, kuingilia akaunti ya mtu, kujifanya mtu mwingine na kumtisha mtu kwa ujumbe, yote ni makosa ya jinai. Lakini wengi wanaoibiwa huishia kuchukua RB ya polisi na kurudi nyumbani. Wakili anajibu maswali yanayoulizwa zaidi.

Nilipata ujumbe: “Ile hela tuma kwenye namba hii.” Nikadhani ni baba mwenye nyumba, nikatuma kodi. Nianzie wapi?

Anza na kampuni ya simu, na uwahi. Hela ikiwa bado iko kwenye laini ya aliyepokea inaweza kuzuiwa; ikishatolewa kwa wakala, unabaki na kesi. Piga huduma kwa wateja, taja namba ya muamala, omba salio lizuiwe, kisha andika namba ya malalamiko utakayopewa. Kuzuiwa hakumaanishi umerudishiwa: aliyepokea akidai hela ni yake, suala linahamia polisi na mahakamani. Namba iliyokutumia ujumbe iripoti kwa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kupitia 15040.

Polisi waliniandikia RB, wakasema watanipigia. Nifanye nini zaidi?

Rudi ukaandikishe maelezo kamili. “Nimetapeliwa laki tatu kwa simu” haimpi mpelelezi pa kushika. Maelezo yanayosaidia yanakuwa hivi: “Saa 3:20 asubuhi laini yangu ilipokea ujumbe kutoka namba hii. Saa 3:41 nilituma shilingi 300,000. Namba ya muamala ni hii, na jina lililotokea ni hili.” Taja na tarehe. Sheria inawapa polisi uwezo wa kuitaka kampuni itoe taarifa za mwenye laini na miamala yake. Wewe ukienda dukani kuziomba, hupewi. Uliza jina la mpelelezi wa jalada lako, na ufuatilie.

Jina la aliyepokea ninalo. Kwa nini nisimwanike mtandaoni?

Kwa sababu huenda siye. Kuna watu ambao alama zao za vidole zilitumika kusajili laini wasizozijua, na kuna wanaouza laini zao kwa vijisenti. Ukimwanika asiyehusika, anaweza kukudai fidia kwa kumchafulia jina, na vitisho utakavyomtumia vinaweza kukufikisha wewe kizimbani. Mpe mpelelezi jina hilo. Nawe piga *106# uhakiki laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA.

Picha ya skrini inatosha kuwa ushahidi?

Inapokelewa, ila peke yake ni dhaifu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama ipime ushahidi huo ulitengenezwaje, ulihifadhiwaje na ulilindwaje usibadilishwe, na aliyeutuma alitambuliwaje. Kwa hiyo usifute ujumbe halisi, na usiuze simu wala kuirudisha upya kama ilivyotoka dukani. Picha ya skrini ionyeshe namba, tarehe na saa. Omba pia taarifa ya miamala ya laini yako kutoka kwenye kampuni, maana hiyo haikutegemea wewe kuiandaa.

Tapeli akifungwa, hela yangu inarudi?

Hairudi yenyewe. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Wewe ni shahidi. Udanganyifu wa kutumia kompyuta, na simu imo, una adhabu ya faini, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili, lakini adhabu hiyo haikulipi. Mahakama ina uwezo wa kuamuru mshtakiwa akulipe fidia baada ya kumtia hatiani. Mkumbushe mwendesha mashtaka mapema kwamba unaiomba, na umkabidhi hesabu ya hasara yako yenye vielelezo. Vilevile unaweza kufungua kesi ya madai. Huko huhitaji kuthibitisha pasipo kuacha shaka. Inatosha ushahidi wako uwe mzito kuliko wake. Usikae sana: madai ya madhara yasiyotokana na mkataba yana ukomo wa miaka 3, na ya mkataba miaka 6.

Laini yangu ilihamishiwa kwa mtu mwingine bila mimi kujua, akaunti ya benki ikakombwa. Namdai nani?

Hapa una zaidi ya mmoja wa kumuuliza. Kama kampuni ilibadilisha laini bila kumhakiki mwombaji, inaweza kuwajibika kwa uzembe wake. Lalamika kwa maandishi kwa kampuni na kwa benki, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usiporidhika, panda TCRA kwa suala la laini na Benki Kuu kwa suala la akaunti. Taarifa zako zikiwa zimevujishwa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuruhusu kulalamika kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kudai fidia.

Mtu ananitishia kusambaza picha zangu za utupu nisipomlipa.

Usilipe; akishalipwa hurudi na dau kubwa zaidi. Hifadhi vitisho vyote, kisha nenda polisi. Kama unaona aibu kaunta, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Picha zenyewe usiwatumie rafiki wala ndugu kama “ushahidi”, kwa sababu kuzisambaza ni kosa pia. Mwonyeshe mpelelezi.

Nimeibiwa elfu 40 tu. Kuna haja ya kuhangaika?

Ipo. Mara nyingi tapeli wa simu hachukui milioni kwa mtu mmoja. Anachukua elfu 40 kwa watu wengi, akijua kila mmoja ataona usumbufu. Jalada la elfu 40 ni rahisi kusahauliwa kabatini, lakini namba moja ikilalamikiwa Mbeya, Tabora na Temeke, mpelelezi ana mtandao wa kufuatilia. RB ni bure, na asiyemudu wakili anaweza kuomba huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.