Mzee Akilazwa: Namna ya Kusoma Karatasi ya Damu

Mzee akilazwa Hospitali ya Rufaa ya Meru, Embu Level 5 au Chogoria, damu hutolewa mapema, na karatasi ikirudi kutoka maabara ni nadra ikose herufi H au L kando ya tarakimu fulani: H kwa kilichozidi, L kwa kilichopungua. Kabla ya kuuliza tarakimu hiyo ni mbaya kiasi gani, uliza mara ya mwisho ilikuwa ngapi. Mama ambaye hemoglobini yake imekaa 11 kwa miaka miwili anahitaji kuchunguzwa, lakini bila papara. Aliyekuwa na 14 mwezi wa Machi na sasa ana 11 huenda anavuja damu tumboni, hasa kama amekuwa akimeza diclofenac kwa ajili ya magoti. Ndiyo maana lile daftari la kliniki lazima lije naye hospitalini.

Dawa zake pia zije, zote, hata za kununua dukani na za miti shamba. Ziweke kwenye mfuko mmoja umkabidhi daktari wa zamu.

Sodiamu ndiyo ninayoikazia. Kawaida yake ni 135 hadi 145. Hydrochlorothiazide, dawa ya presha inayotumiwa na wazee wengi, huweza kuishusha, na ikifika 120 mzee huweza kuchanganyikiwa, kusinzia au kuanguka, huku nyumbani watu wakisema ni uzee tu. Usimkorogee chumvi kwenye uji. Ikipandishwa kwa pupa huweza kudhuru ubongo, kwa hiyo madaktari huchunga isizidi 8 hadi 10 kwa saa 24. Wewe waeleze alianza lini kubadilika, kwa maana anayejua jinsi alivyokuwa wiki iliyopita ni wewe.

Potasiamu ya juu ni hatari kwa moyo, na losartan au enalapril huweza kuipandisha figo zikiwa dhaifu. Lakini wakati mwingine seli za damu hupasuka ndani ya chupa, au sampuli hukaa mno kabla ya kupimwa, na tarakimu ikapanda bure. Ni haki yako kuuliza kama kipimo kitarudiwa na kama moyo utapimwa kwa mashine ya umeme. Matibabu yasingoje jibu hilo. Ikithibitika iko juu, ndizi na avokado ulizombebea zisubiri kwanza. Na ukiona damu inataka kutolewa kwenye mkono wenye dripu, sema kwa heshima: maji yale huvuruga majibu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni tarakimu isiyo na herufi yoyote. Kreatinini hutoka kwenye misuli, na mzee aliyekonda ana misuli michache. Chukua mama wa miaka 84, kilo 42, mwenye kreatinini ya 90. Karatasi nyingi hazitaweka alama hapo. Ukipiga hesabu ya Cockcroft-Gault, inayotumia umri na uzito, figo zake zinasafisha takriban mililita 27 kwa dakika, na chini ya 30 metformin huachishwa. Hesabu hiyo haiwezekani bila uzito, na mgonjwa asiyeweza kusimama ni rahisi kuachwa bila kupimwa. Omba apimwe. Ikishindikana, taja uzito wa mwisho ulioandikwa daftarini.

Chembe nyeupe zikiwa za kawaida, usidhani hana maambukizi. Mzee huweza kuwa na nimonia bila homa wala H.

Siku ya kuruhusiwa, piga picha ya kila karatasi kwa simu, uulize damu itapimwa tena lini. Dawa iliyosimamishwa iandikwe daftarini kwa jina lake, pamoja na sababu, ili duka la dawa kule Maua au Runyenjes lisimuuzie tena.