Je, Kisanduku cha Umeme cha Pembeni Huboresha Sauti ya Priamplifaya?

Priamplifaya hupokea mawimbi dhaifu ya sauti, kwa mfano milivolti 5 hivi kutoka kwenye sindano ya santuri, na kuyakuza kabla ya kuyapeleka kwenye amplifaya. Kwa kuwa hukuza kila kinachoingia, hata uchafu mdogo wa umeme husikika kama mvumo.

Transfoma inayotumia umeme wa hezi 50 huzungukwa na uga sumaku. Ikikaa karibu na saketi za sauti, huweza kuleta mvumo huo. Kuihamishia kwenye kisanduku cha pembeni huiweka mbali nazo, na hiyo ndiyo faida halisi inayolipiwa. Hata hivyo, priamplifaya ya kisanduku kimoja iliyopangwa na kukingwa vizuri yaweza kuwa tulivu vilevile.

Kabla ya kulipia nyongeza hiyo, tunamshauri mtumiaji apunguze sauti hadi mwisho, achomoe vifaa vyote vinavyoingiza sauti, kisha aipandishe polepole hadi kiwango alichozoea. Mvumo ukitoweka, chanzo ni waya au vifaa hivyo, na kisanduku kipya hakitauondoa. Ukibaki, fundi mwenye sifa aikague priamplifaya na maungio yake.

Dukani, aombe kusikiliza vifaa vyote viwili kwa kiwango kilekile cha sauti. Asipobaini tofauti, abaki na fedha yake.

Tunasisitiza: kamwe usikate waya wa ethi ili kuondoa mvumo. Waya huo hulinda uhai.