Orodha ya Mikoa Iliyowahamisha Watu wa Tanga

Mwaka 2015 niliandika mfumo wa kupokea oda za mbegu kupitia mtandao. Mikoa 25 ya Tanzania Bara niliiorodhesha ndani ya programu yenyewe kwa alfabeti, Arusha hadi Tanga. Kwenye kanzidata nilihifadhi nafasi ya mkoa tu: Arusha 0, Tabora 23, Tanga 24. Mwanzoni mwa 2016 mkoa wa Songwe ukamegwa kutoka Mbeya. Nikauchomeka baada ya Singida, nikapandisha toleo jipya.

Kesho yake mama mmoja akapiga simu. Kabla sijamaliza shikamoo, akaniuliza: "Mwanangu, mimi ni mtu wa Korogwe, Tanga. Mbona risiti yangu imeandikwa Tabora?"

1. Usihifadhi nafasi. Tanga ilikuwa imesogea hadi 25, na wateja wake wote wa zamani, wenye 24, wakasomeka Tabora. Wa Tabora nao wakawa wa Songwe. Kibaya zaidi, oda mpya zilikuwa sahihi, kwa hiyo 24 ilikuwa na maana mbili kwenye jedwali moja. Nilizitenganisha kwa saa ya kupandisha toleo; wenye zile zilizohaririwa baada ya hapo niliwapigia simu mmoja mmoja, siku mbili nzima.

Tangu hapo kila kitu nakipa alama isiyobadilika. ISO 3166-2, kiwango cha kimataifa cha alama za mikoa ya nchi, kinafanya hivyo: Tanga ni TZ-25, na Manyara, ulioanzishwa 2002, haukuchomekwa kabla ya Mara bali ulipewa TZ-26. Songwe ni TZ-31. Alfabeti ni kazi ya ukurasa unaoonekana, isiguse kilichohifadhiwa.

2. Uliza orodha ni ya nani. Hali za oda, yaani imepokelewa, imelipwa, imetumwa, ni zetu. Programu inaamua mambo kwa kuzitazama, basi zikae ndani yake. Lakini nchini Tanzania mwenye mamlaka ya kuigawa nchi katika mikoa ni Rais, naye hatasubiri nipandishe toleo. Mikoa ikae kwenye jedwali la kanzidata, ambako hata karani anaweza kuongeza mmoja. Kaunti 47 za Kenya zimetajwa kwenye Katiba ya 2010. Hizo ningeziacha ndani ya programu bila wasiwasi.

3. Orodha iwe moja. Niliwahi kuweka nakala kwenye kivinjari na nyingine kwenye seva. Mteja akachagua kilichoonyeshwa, seva ikakikataa.

4. Usifute, ficha. Mfumo wangu mwingine uliuliza nchi ya kuzaliwa, na nilipotaka kuisafisha orodha niliiondoa Zaire kwa sababu tangu 1997 inaitwa Kongo. Fomu zilizokwisha kujazwa zikabaki na pengo. Sasa kila mstari una alama ya "haitumiki tena": mtu mpya hauoni anapochagua, wa zamani anaendelea kuusoma. Aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1980 alizaliwa Zaire, na cheti chake kinasema hivyo.