Pendeza kwa Chako

Leo daftari la bailojia liweke pembeni kidogo. Somo letu ni nguo. Ndiyo, nguo! Usicheke. Hakuna siku inayopita bila wewe kujiuliza, "Leo nikoje?" Na jibu unalojipa asubuhi ndilo linalokufanya unyooshe mkono darasani au ujifiche nyuma ya mwenzako.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nilikuwa kidato cha pili, na katika mahafali ya kidato cha nne nilipangiwa kusoma ngonjera. Viatu vyangu vilikuwa vimekatika soli. Nikaenda kwa binamu nikaazima vyake, vyeusi, vinang'aa kama kioo. Tatizo ni kwamba mguu wangu ulikuwa namba 41 na viatu vilikuwa namba 39. Nikajisemea, si ni siku moja tu? Basi bwana, nilisimama mbele ya wazazi, mgeni rasmi na wasichana wote wa shule, na kichwani hamkuwa na ngonjera hata beti moja. Nilichokuwa nacho ni vidole vya miguu. Nilisahau mistari, watu wakanong'ona, na binamu naye jioni akaja kuvidai mbele ya watu. Wazee wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Viatu je? Havisitiri hata vidole.

Siku ile nilidhani nimeaibika kwa sababu sina viatu vizuri. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba wenzangu wawili waliosoma kabla yangu walivaa ndala, na hakuna aliyekumbuka ndala zao. Watu walikumbuka sauti zao.

Nguo zimekuwa zikisema tangu zamani

Usidhani mambo ya mitindo yameletwa na simu. Karne ya 19, hapa pwani, ungeweza kumtambua mtumwa kwa nguo yake. Watumwa wengi walivaa merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilicholetwa na meli za Marekani, au kaniki, ambayo ni merikani iliyotiwa rangi nyeusi au buluu nzito. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, moja ya mambo ya kwanza waliyofanya wanawake wengi walioachwa huru lilikuwa kuitupa kaniki na kununua kanga za rangi. Wanaume wakavaa kanzu na kofia. Hawakuwa na mashamba wala majumba, lakini kila aliyewaona barabarani alijua kwamba hawa si mali ya mtu tena. Ndiyo maana mimi huwa sikubaliani na mwalimu anayesema kupenda kuvaa vizuri ni upuuzi.

Hata neno lenyewe lina historia. Siku hizi kijana akivaa vizuri tunasema "amepiga pamba". Kwetu Rufiji pamba haikuwa mchezo. Wajerumani waliwalazimisha watu kuilima kwa malipo kiduchu, na mwaka 1905 wananchi wa upande wa kusini wa mto wakaanza kuing'oa mashambani. Hapo ndipo vita vya Maji Maji vilipoanzia, na Kinjeketile Ngwale akanyongwa pale Mohoro mwezi Agosti mwaka huo huo. Haya, turudi kwenye nguo.

Mwaka 1968 kulikuwa na zogo kubwa. Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza "Operesheni Vijana": kuanzia tarehe 1 Januari 1969, sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua ziwe marufuku. Hata kabla ya tarehe hiyo, Oktoba 1968, wasichana walizongwa na makundi ya vijana wa kiume Kariakoo, Dar es Salaam. Magazeti yakajaa barua za wasomaji. Wengine waliunga mkono, wakisema huo ni uigaji wa kizungu. Wengine wakauliza: na suti je, na tai, ni za babu yetu yupi? Na kwa nini anayekaguliwa zaidi ni msichana? Hebu jadilianeni darasani, maana swali hilo halijapata jibu mpaka leo. Msimamo wangu ni huu: unaweza kutopenda vazi la mtu, lakini huna ruhusa ya kumgusa wala kumzomea.

Mtindo wako ni upi?

Mtindo wako ni yale mavazi ambayo ukishayavaa, unayasahau. Ukiona kutwa nzima unavuta sketi chini, unapandisha suruali, unafunga upya ushungi, ujue hiyo nguo haijawa yako bado.

Anza na mwili ulio nao, sio ule wa kwenye picha. Katika umri wako mwili unabadilika upesi. Mvulana anarefuka ghafla, mikono inatoka nje ya shati. Msichana anapata matiti na nyonga, blauzi ya mwaka jana inambana. Hakuna kosa hapo, na huna haja ya kuinama mabega ili kuficha. Ongea na mama, shangazi au bibi kuhusu sidiria inayokutosha. Isiyokutosha inakata mabega na kukukosesha raha.

Pili, fikiria hali ya hewa yetu. Delta ina joto na unyevu karibu mwaka mzima. Kitambaa cha pamba kinanyonya jasho na kupitisha hewa. Nailoni na poliesta nzito vinalifungia jasho ndani. Kwa hiyo ile tisheti ya kung'aa uliyoiona kwa msanii inaweza kukufanya unuke saa nne asubuhi, halafu ukafikiri tatizo ni wewe.

Tatu, fedha. Wengi wetu tunavaa mitumba, na hakuna aibu. Siku ya gulio Kibiti au Bungu, belo likifunguliwa, usikimbilie jina la kampuni lililoandikwa kifuani. Inua nguo uitazame kwenye mwanga: kama inaona, imechoka. Kagua kwapa, shingo na katikati ya mapaja, ndiko inakoanzia kuchanika. Vuta mshono. Panda na shusha zipu mara tatu. Kama ni pana lakini kitambaa ni kizima, chukua, kisha nenda kwa fundi cherehani akupunguzie. Shati la mtumba lililopita kwa fundi linaweza kupendeza kuliko jipya la dukani, kwa sababu limekatwa kufuata mabega yako wewe. Na ukijua kushona kifungo na kukunja pindo kwa mkono, mvulana au msichana, umeokoa hela nyingi.

Nguo za ndani ni habari nyingine. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limepiga marufuku mitumba ya chupi, sidiria, soksi na kadhalika. Nunua mpya hata kama ni mbili tu, fua moja vaa nyingine.

Usafi wa nguo kwenye maji chumvi

Hapa watu wa delta wananielewa. Vijiji vingi visima vyake vina chumvi. Unasugua sabuni mpaka inaisha, povu hakuna! Si kwamba hujui kufua. Chumvi na madini ya maji hayo hayapatani na sabuni. Fua kwa maji hayo kama huna budi, lakini suuza mara ya mwisho kwa maji baridi, hasa ya mvua uliyokinga. Nguo isiyosuuzwa vizuri inabaki na sabuni na chumvi, inakuwa ngumu, inakwangua ngozi, na unawashwa kutwa.

Tope la mikokoni usilisugue likiwa bichi. Liache likauke, likung'ute, ndipo ufue. Na kama unavuka kwa mtumbwi kwenda shule maji yakiwa yamekupwa, shati jeupe lifunge kwenye mfuko wa plastiki, ulivae ukishafika. Wanafunzi wa Salale na Msala hawahitaji kufundishwa hilo, lakini wa Kibiti mjini wanaowacheka wenzao kwa madoa wangefaa kuvuka siku moja.

Anika nguo juani, kwenye kamba, sio kwenye majani wala mchangani. Yupo nzi anayetaga mayai kwenye mchanga na kwenye nguo mbichi iliyoanikwa kivulini. Ukiivaa, viluwiluwi vyake vinaingia kwenye ngozi na kutokea jipu lenye funza ndani. Dawa yake ni pasi ya moto pande zote mbili, hasa kwenye mishono. Kumbe pasi ya mkaa ya bibi si urembo tu!

Kuwashwa mapajani na sehemu za siri mara nyingi ni fangasi, wanaopenda joto na unyevu. Usione aibu kwenda zahanati. Dawa ya kupaka ipo. Usivae nguo ya ndani mbichi, kausha mwili baada ya kuoga, na usishirikiane taulo. Ukipata upele unaowasha zaidi usiku, waambie wa nyumbani pia watibiwe siku hiyo hiyo, la sivyo mtaambukizana upya.

Siku zile za mwezi

Dada zangu, tuseme wazi. Wangapi wamekaa nyumbani kwa hofu ya doa kwenye sketi? Wangapi wamekataa kwenda ubaoni? Huko kujiamini hakupatikani kwa sketi mpya, kunapatikana kwa maandalizi. Pedi zina bei. Mwaka 2018 serikali iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani, mwaka 2019 ikairudisha kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Kama huna uwezo, kitambaa safi cha pamba kinafaa. Badilisha kila baada ya saa nne hadi sita. Loweka kwa maji ya baridi, fua kwa sabuni, anika juani mpaka kikauke kabisa. Kukificha chini ya godoro kikiwa kibichi ndiko kunakoleta harufu na maradhi. Unaona haya? Tandika kanga nyepesi juu yake, jua litapenya.

Weka kanga moja kwenye begi. Ikitokea bahati mbaya, unajifunga kiunoni, maisha yanaendelea. Nanyi kaka, mkiona doa kwa mwenzenu, mpeni sweta ajifunge. Anayecheka amesahau alikotoka.

Viatu vya bure

Sasa hapa tusikilizane vizuri. Yupo mtu anayesimama na pikipiki au gari karibu na shule, anakwambia, "Mtoto mzuri kama wewe unavaa viatu hivi? Njoo nikununulie." Mtaani tunamwita fataki. Leo ni viatu, kesho simu, keshokutwa anadai malipo yake, na hayadai kwa hela.

Msichana akikubali, haina maana kwamba ni mjinga au mwenye tamaa. Mara nyingi amechoka kuchekwa. Kwa hiyo kila unapomcheka mwenzako kwa viatu vilivyokatika, unamsukuma hatua moja kuelekea kwenye ile pikipiki. Fikiria hilo.

Sheria inasemaje? Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, mwanamume anayefanya ngono na msichana wa chini ya miaka 18 hawezi kujitetea kwamba msichana alikubali. Na kwa marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30. Wavulana nao hutongozwa kwa zawadi, wasidhani hawamo. Ikikukuta, mwambie mtu mzima unayemwamini, au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure.

Na ngozi yako je?

Mkorogo. Wapo wanaoamini weupe ndio urembo, wanapaka krimu zenye zebaki au hidrokwinoni. Zebaki inaingia mwilini kupitia ngozi na kuharibu figo. Ngozi inakuwa nyembamba, inaungua na jua letu hili, vidonda vinachelewa kupona. Mafuta ya nazi yanatosha. Sina la kuongeza hapo.

Ndani ya sare

"Lakini sisi kutwa tuko kwenye sare, mtindo tunaupata wapi?" Swali zuri. Tazama mstarini kesho asubuhi. Wote mmevaa kitambaa kile kile, lakini yupo mmoja unayemwona haraka. Kola imekaa, vifungo vyote vipo, ushungi wake umebanwa vizuri, kucha fupi, anatembea kama mtu anayejua anakokwenda. Huyo labda ana shati moja tu, analifua kila jioni na kulianika usiku jikoni.

Zoezi la wiki hii: toa nguo zako zote, zitandaze kitandani au mkekani. Weka upande mmoja zile unazozivaa ukazisahau, upande mwingine zile zinazokuhangaisha. Angalia zile za kwanza zinafanana kwa nini: ni rangi, ni kitambaa, ni urefu? Andika. Zile za pili, chagua moja ya kupeleka kwa fundi, na moja umpe mdogo wako inayemtosha. Usimkopeshe, umpe.