Je, Mtama Ndio Unaowaita Kweleakwelea?



Katika vikundi vya kisomo swali hili huzuka kila mtama unapoanza kutoa masuke. Mmoja husema, "Tusilime mtama, mtama unaita ndege." Mwenzake humjibu, "Haya, tukilima mahindi matupu na mvua ikakatika, watoto watakula nini?" Wote wawili wanasema jambo la kweli. Katika sehemu kavu kama Dodoma na Singida, mahindi hunyauka upesi mvua inapokatika, lakini mtama huvumilia. Tena mtama usiolindwa unaweza kuliwa shamba zima, ukavuna mabua. Basi leo tujifunze habari za ndege huyu, ili tunapochagua zao tuchague kwa kujua.

Kweleakwelea ni ndege mdogo, wa kadiri ya shorewanda. Uzito wake ni kama gramu 20 tu. Mdomo wake ni mfupi, mnene, na mwekundu, ila jike wakati wa kutaga mdomo wake hugeuka njano. Husemwa kwamba ndio ndege wa porini walio wengi kuliko wote duniani. Mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Gramu 10 ni punje chache tu kiganjani, hata kuku hashibi. Lakini tufanye hesabu. Kundi la ndege 2,000,000 wakila nafaka tupu watamaliza gramu 20,000,000 kwa siku. Hizo ni kilo 20,000, yaani tani 20, au magunia 200 ya kilo mia mia. Kwa siku moja! Nyumba inayopika kilo 2 za unga kila siku ingekula nafaka hiyo kwa siku 10,000, yaani zaidi ya miaka 27.

Sasa tuutazame ule mdomo. Mdomo mdogo hula mbegu ndogo. Punje ya mahindi ni kubwa mno kwake, na gunzi limefunikwa maganda. Ndiyo maana huyaacha mahindi akashambulia mtama, uwele, mpunga na ngano. Lakini hata hizo si chakula chake cha asili. Chakula chake hasa ni mbegu za nyasi za porini. Hapo ndipo lilipo jibu la swali letu, kwa hiyo tuendelee polepole.

Wakati wa kiangazi mbegu za nyasi hulala chini ardhini, na ndege huziokota. Mvua za kwanza zikinyesha, mbegu zile huota. Zikishaota si mbegu tena, ni majani, na ndege hana chakula. Hapo kundi huhama, huenda mbali mahali ambapo mvua ilitangulia na nyasi zimeshazaa mbegu mpya. Huko hujenga viota kwenye miti ya miiba kama migunga, maelfu kwa maelfu. Dume hufuma kiota, jike hutaga mayai kama 3, na makinda hulishwa wadudu kwanza. Baada ya wiki tano au sita hivi kundi zima huondoka, na vijana wapya wameongezeka. Vijana hawa wenye njaa mara nyingi huzuka wakati uleule mtama wetu unapokuwa na maziwa.

Kwa hiyo si mtama unaowaita kutoka mbali. Kinachowaleta ni nyasi na mvua. Mtama huliwa kwa sababu umesimama pale walipofika, na hasa kama nyasi zimekuwa haba. Mwezi wa Januari 2023, huko Kisumu nchini Kenya, kundi lililokadiriwa kuwa la mamilioni liliingia katika mashamba ya mpunga. Mwaka huo kulikuwa na ukame mkali, na nyasi zilikuwa zimeadimika.

Hapa msomaji anaweza kuuliza, "Kama ni hivyo, mimi nifanye nini? Nyasi za pori si zangu." Kweli, lakini nyasi za shambani ni zako. Shamba lisilopaliliwa lina mbegu za nyasi katikati ya mtama, na ndege wakishashuka kula hizo wataonja na masuke. Palizi inasaidia. La pili ni kupanda pamoja. Shamba linaloiva peke yake, kabla ya wenzake au baada yao, hubeba ndege wote wa kijiji. Hili haliwezi kufanywa na mtu mmoja. Ni la kusemwa mkutanoni kabla ya mvua.

Iko pia mitama ambayo ndege hawaipendi. Ile yenye punje nyekundu au za kahawia ina uchungu, kama Serena iliyotoka kituo cha utafiti cha Serere, Uganda. Ndege huiacha kama ana kingine cha kula. Akikosa, huila hivyohivyo. Na tuseme kweli, wako watu ambao ugali wake hauwapendezi. Uwele wenye nywele ndefu kwenye suke nao huwasumbua ndege kidogo.

Habari za alizeti ni nyingine. Wanaoifuata sana ni hua na tetere. Hawa hawamenyi mbegu, huimeza nzima, kisha firigisi na changarawe huisaga. Hupenda kuokota chini, au kutua kwenye ua lililolala. Ukivuna mapema kabla mbegu hazijapukutika, umewanyima sehemu kubwa.

Kuamia bado ndiyo kinga ya wengi: dungu, kombeo, makopo na kelele, kuanzia alfajiri hadi jua kuzama, kwa muda wa wiki nne hivi. Wanaoipata taabu hiyo ni watoto, maana huachishwa shule wakae shambani. Sisi tunaona zamu za watu wazima wa mashamba yanayopakana ni bora kuliko kumpotezea mtoto mwezi wa masomo.

Wilayani Kondoa watu huwatega kweleakwelea kwa nyavu na mitego ya kusuka, wakawala na kuwauza. Ni kitoweo kizuri. Lakini sikilizeni vizuri: mahali ndege ilipopuliza dawa, msiokote ndege hata mmoja. Dawa inayotumika sana, fenthioni, huua pia bundi na mwewe, na ni sumu kwa binadamu. Ndege aliyekufa kwa dawa hafai hata akipikwa kutwa. Mkiona kundi limelala karibu na kijiji, mwambieni bwana shamba upesi kabla mtama haujakomaa, na muulize siku ya kupuliza itakuwa lini.

Maswali ya kikundi:

Vijana 20 wana manati. Kila mmoja anaua ndege 50 kwa siku. Kundi lina ndege 2,000,000, na tuseme hawazai. Litaisha baada ya siku ngapi? Hiyo ni miaka mingapi?

Katika kijiji chenu, mashamba gani ya mtama yaliiva peke yake msimu uliopita? Yalipata magunia mangapi kwa eka, na ya jirani yalipata mangapi?