Adhabu ikishasomwa

Swali: Mdogo wangu kafungwa miaka mitatu kwa wizi. Sasa mwenye mali kamsamehe. Hakimu aliyemhukumu anaweza kumpunguzia?
Msomaji, Wete, Pemba

Jibu: Hawezi. Hakimu akishatoa adhabu, shauri limemtoka mikononi. Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilishalisema hilo mwaka 1973. Atasahihisha kosa la uandishi tu. Msamaha wa mwenye mali ni jambo jema sana, lakini haufungui upya jalada.

Njia ni rufaa. Huko nako majaji hawapunguzi kwa huruma pekee: huingilia pale adhabu ilipozidi mno, ilipokiuka sheria, au hakimu aliposahau jambo zito, mathalani kwamba kijana ni mkosaji wa mara ya kwanza. Na mjue, mahakama ya juu inaweza hata kuongeza adhabu. Juu ya Mahakama Kuu ya Zanzibar ipo Mahakama ya Rufani ya Tanzania; nje ya mahakama, umebaki msamaha wa Rais wa Zanzibar.

Muda wa rufaa una kikomo. Tafadhali, ombeni nakala ya hukumu wiki hii hii.